Bohumil Modrý: golikipa bingwa wa dunia aliyefungwa miaka 15 na nchi yake

Katika kesi ya wachezaji wa hoki ya barafu wa Chekoslovakia ya mwaka 1950 kuna jambo linalomkwaza kila anayeanza kuisoma. Wachezaji walikamatwa baada ya kupayuka na kufanya fujo kwenye baa moja jijini Praha. Lakini aliyepewa kifungo kirefu kuliko wote, miaka 15, hakuwemo kwenye baa hiyo, wala hakuwa kwenye kikosi kilichokuwa kisafiri wiki ile. Aliitwa Bohumil Modrý. Alikuwa mhandisi, baba wa mabinti wawili, na kwa miaka kadhaa alihesabiwa miongoni mwa magolikipa bora kabisa wa Ulaya.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kuanzia baa: vijana walikunywa, wakaitukana serikali, serikali ikawafunga. Ni simulizi nyepesi, na kwa maoni yangu inaficha kiini. Ukianzia kwenye baa huwezi kueleza ile miaka 15. Ukimfuata Modrý tangu mwanzo, utaona kwamba kesi ilikuwa imeanza kupikwa kabla glasi ya kwanza haijajazwa.

Kijana wa Štvanice

Modrý alizaliwa Praha tarehe 24 Septemba 1916. Alikua wakati hoki ya barafu inatoka kwenye mabwawa yaliyoganda na kuingia viwanjani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Praha ilijenga uwanja wa barafu ya mashine kwenye Štvanice, kisiwa kilichomo ndani ya mto Vltava, na kwa mara ya kwanza wachezaji wa nchi ile wakaacha kutegemea majaliwa ya baridi. Klabu kubwa ya hapo ilikuwa LTC Praha. Kwa jina ilikuwa klabu ya tenisi, lakini timu yake ya hoki ndiyo iliyotawala ligi na ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa. Modrý akawa golikipa wake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: wachezaji sita kwa sita, wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, hufukuzia kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo. Kisahani hicho huruka kwa kasi ambayo jicho huifuata kwa shida. Enzi za Modrý golikipa alivaa vikinga vizito miguuni na kifuani, lakini uso ulikuwa wazi. Kinyago cha golikipa kilikuja kuzoeleka baada ya mwaka 1959, kwa hiyo kila shuti aliloinamia lilikuwa linaelekea pua na meno yake. Na mechi nyingi zilichezwa nje, chini ya theluji au juani, barafu ikilainika kadiri saa zinavyokwenda.

Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa kwenye kikosi kilichopata shaba ya ubingwa wa dunia hapohapo Praha. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaivamia nchi, na Chekoslovakia ikafutika kwenye ramani, pamoja na timu yake ya taifa. Novemba 1939 wakafunga vyuo vikuu vya Kicheki. Ligi ya ndani iliendelea, lakini kwa mwanamichezo wa kiwango chake ile ilikuwa miaka ya kukaa chumbani dirisha likiwa limezibwa. Alipochezea taifa tena alikuwa anakaribia miaka 30.

Hata hivyo miaka yake mizuri zaidi ilikuwa bado haijafika. Mkufunzi wa timu alikuwa Mike Buckna, Mkanada mwenye asili ya Slovakia, aliyewafundisha kucheza kwa pasi na kwa mpangilio. Februari 1947 ubingwa wa dunia ulichezwa Praha. Kanada haikuja. Chekoslovakia ilifungwa na Uswidi 2–1 na watu wakadhani kombe limekwenda, kisha Austria ikaipiga Uswidi kwa matokeo hayohayo, 2–1. Dhahabu ikabaki nyumbani.

Mwaka mmodi baadaye, kwenye Olimpiki ya St. Moritz, Uswisi, ikaja mechi ambayo nadhani ndiyo iliyomtambulisha Modrý kwa dunia, na pengine ndiyo iliyomponza. Walikutana na Kanada, iliyowakilishwa na timu ya jeshi la anga, RCAF Flyers. Dakika zote 60 zikaisha 0–0. Katika hoki sare isiyo na goli ni kitu adimu sana, na kuipata dhidi ya Wakanada, wenye mchezo wao, ilikuwa adimu zaidi. Upande wa pili alisimama Murray Dowey, naye hakuruhusu kitu. Timu zote mbili zikamaliza zimeshinda mechi saba na kutoka sare moja, ikabidi bingwa apatikane kwa uwiano wa magoli. Kanada ilikuwa imefunga 69 na kufungwa 5, Chekoslovakia imefunga 80 na kufungwa 18. Kanada ikachukua dhahabu, Chekoslovakia fedha, bila yeyote kumfunga mwenzake.

Tangu hapo Wakanada walimjua Modrý kwa jina.

Mwaka uliobadilisha kila kitu

Olimpiki ilifungwa tarehe 8 Februari 1948. Tarehe 25 mwezi huohuo chama cha Kikomunisti kikashika serikali yote mjini Praha. Wachezaji waliokwenda Uswisi wakiwa raia wa nchi moja walijikuta, wiki chache baada ya kurudi, wamo ndani ya nchi nyingine bila kuhama nyumba.

Kazi yao ya kwanza chini ya utawala mpya ilikuwa kwenda Moscow. Wasovieti walikuwa na mchezo wao wa barafu wa miaka mingi, unaochezwa kwa mpira mdogo kwenye uwanja mpana, lakini hoki hii ya kisahani walikuwa wameianzishia ligi mwishoni mwa 1946 tu. LTC Praha, Modrý akiwa miongoni mwao, ilicheza mechi tatu na kombaini ya Moscow kwenye uwanja wa Dinamo: ikafungwa moja, ikashinda moja, ikatoka sare moja. Wenyeji walikuwa na kasi na pumzi, na wageni walikuwa na ujuzi. Kati ya mechi walikaa pamoja wakaelekezana, na magolikipa wa Moscow walikuwa na mengi ya kujifunza kuhusu kusimama, kufunga kona na kupunguza pembe ya mpigaji. Anatoly Tarasov, ambaye baadaye aliitengeneza timu ya Sovieti iliyotisha dunia, alikuwa mmoja wa waliocheza dhidi yao. Ziara hii sipendi ipitwe harakaharaka, kwa sababu miaka miwili baadaye watu hawahawa waliitwa maadui wa kambi ya ujamaa.

Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo ikaja msiba. Timu ya taifa ilikuwa inatoka Paris kwenda London kwa mafungu. Wachezaji sita walipanda ndege ndogo, ikapotea juu ya mlango bahari wa Uingereza. Walikuwa Ladislav Troják, Karel Stibor, Vilibald Šťovík, Miloslav Pokorný, Zdeněk Švarc na golikipa Zdeněk Jarkovský. Miili haikupatikana. Jarkovský alikuwa golikipa mwenzake Modrý, waliopokezana goli moja.

Desemba, wakiwa bado na simanzi, LTC ilikwenda Davos, Uswisi, kwenye Kombe la Spengler, kombe ililokuwa imelitwaa miaka miwili mfululizo. Ililitwaa tena. Lakini Davos ya mwaka huo inakumbukwa kwa mazungumzo ya hotelini. Waliokwisha kukimbia nchi waliwajia na wazo: bakini huku wote, mtapata kazi, mtacheza kama timu ya wakimbizi. Wachezaji wakakaa, wakabishana. Beki Miroslav Sláma akabaki. Timu kwa jumla ikaamua kurudi. Wengine walikuwa na wake na watoto Praha, wengine wazazi, wengine waliamini kwamba wanamichezo hawataguswa. Walirudi kwa hiari, na mlango ulikuwa wazi. Usisahau jambo hili tutakapofika mahakamani.

Februari 1949, wakiwa wamepungukiwa na wafu sita pamoja na waliobaki nje, walikwenda Stockholm. Wakaifunga Kanada 3–2 na kurudi na dhahabu ya pili ya dunia, Modrý golini. Sijui timu nyingi zilizowahi kushinda taji la dunia miezi mitatu baada ya kuzika, tena bila kuwa na cha kuzika.

Mtu aliyepitia mlango wa mbele

Modrý alipata ofa ya kwenda kucheza Kanada. Kwa mtu wa miaka 32 aliyeporwa ujana wake wa michezo na vita, ofa ile haikuwa ya kurudi mara mbili. Angeweza kuzamia, kama walivyofanya wengine: kubaki Davos, au Stockholm, au kushuka treni kituo kimoja kabla ya mpaka. Nafasi za kufanya hivyo alikuwa nazo mara kadhaa.

Hakuzamia. Alirudi, akawaendea wenye mamlaka, akawaambia nia yake na kuomba aruhusiwe kwenda kwa karatasi halali. Ruhusa haikutoka. Hatimaye akaachana na timu ya taifa, akaendelea na shughuli zake. Katika kutafuta njia ya safari alikuwa amefahamiana na watu wa balozi za nchi za Magharibi, jambo la kawaida kabisa kwa mwanamichezo anayesafiri na kuhitaji viza. Lakini mafaili ya watu wa usalama yalikuwa yanaandikwa kwa mantiki yao. Ofa kutoka ng'ambo, nia ya kuondoka iliyotamkwa kwa mdomo wake mwenyewe, na kufahamiana na mabalozi: kwa jicho la ofisi ile hayo matatu yalitosha kumtia mtu hatiani, pengo tu la siku ya kumkamata likiwa halijajazwa.

Serikali nayo ilikuwa na hofu yake, na tuseme ukweli, haikuwa hofu ya kubuni. Julai 1949 Jaroslav Drobný, mshambuliaji wa hoki aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1947 na pia nyota wa tenisi, alikataa kurudi nyumbani kutoka mashindano ya Gstaad, Uswisi, yeye na mwenzake Vladimír Černík. Drobný baadaye alipewa uraia wa Misri, na mwaka 1954 alishinda Wimbledon kwa kumfunga Ken Rosewall akiwa na pasipoti ya Misri. Kisha mwanzoni mwa Machi 1950 Alena Vrzáňová alishinda ubingwa wa dunia wa kuteleza kwa madaha barafuni jijini London, akabaki hukohuko. Siku chache tu baada ya hapo, ndege ya timu ya hoki ilikuwa iruke kwenda London hiyohiyo.

Fikiria aibu ambayo ingelifika gazetini kama mabingwa wa dunia, kikosi kizima, wangeshuka London wasipande tena ndege ya kurudi. Hofu hiyo ndiyo iliyoamua kila kilichofuata.

Siku tatu za Machi

Jumamosi tarehe 11 Machi 1950 wachezaji walifika uwanja wa ndege wa Ruzyně na mizigo yao. Wakasubiri. Saa zikaenda, kisha wakaambiwa safari haipo. Sababu waliyopewa ni kwamba Uingereza imewanyima viza watangazaji wawili wa redio waliokuwa waandamane nao. Wakarudi mjini na magongo yao.

Jumatatu tarehe 13, siku ambayo mashindano yalifunguliwa London bila bingwa mtetezi, kundi lao lilikusanyika kwenye baa iitwayo U Herclíků, mtaa wa Pštrossova, karibu na Jumba la Taifa la Maigizo. Tayari habari ilikuwa imeshatangazwa kwamba timu yenyewe imekataa kwenda, kwa mshikamano na wale watangazaji. Maneno hayo yaliwachoma kuliko safari yenyewe. Walinyang'anywa ubingwa, kisha wakaambiwa wameutoa wenyewe. Wakanywa, wakapandisha sauti, wakawatukana Wakomunisti. Ndani ya baa walikuwamo watu wa usalama waliovaa kiraia. Kukatokea purukushani, na usiku huo wachezaji wakaondolewa kwa magari.

Modrý hakuwepo. Alikamatwa baadaye.

Walihojiwa kwenye jengo dogo la mtaa wa Kapucínská, eneo la Hradčany, ambalo wafungwa walilibatiza jina la Domeček, yaani kijumba. Gustav Bubník, mshambuliaji aliyekuwa na miaka 21, aliishi kusimulia vipigo vya mle ndani na jinsi maungamo yalivyopatikana. Maungamo yakiwa tayari, kesi haikuwa na kazi kubwa iliyobaki.

Jinsi kelele za baa zilivyogeuka uhaini

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mwaka 1948 serikali mpya ilikuwa imepitisha sheria namba 231, ya kulinda jamhuri ya kidemokrasia ya watu. Sheria hiyo ilipanua maana ya uhaini na ujasusi kiasi kwamba kupanga jambo, au kulijua na kunyamaza, kuliweza kumfikisha mtu palepale anapofikishwa aliyelitenda. Sheria hiyohiyo, na Mahakama ya Taifa hiyohiyo ya Praha, ndiyo iliyomhukumu mbunge Milada Horáková, aliyenyongwa tarehe 27 Juni 1950. Wachezaji wa hoki walifikishwa mahakamani Oktoba ya mwaka huo. Kila aliyesimama kizimbani alijua sheria ile inaweza kufika wapi.

Kwa kelele za baa peke yake, adhabu ingekuwa miezi kadhaa. Ili ipatikane miaka, ilibidi pawepo njama. Na njama hutaka historia, hutaka safari, na hutaka kiongozi. Historia ikachukuliwa Davos: yale mabishano ya hotelini ya Desemba 1948 yakaitwa kikao cha kupanga usaliti, ingawa kikao chenyewe kiliishia kwa watu kurudi nyumbani. Safari ikawa London: ilidaiwa kwamba kundi zima lilikusudia kuzamia. Hapakuwa na kitendo, maana ndege haikuruka, ila chini ya sheria ile kitendo hakikuhitajika.

Akabaki kiongozi. Vijana waliopayuka U Herclíků walikuwa wakali wa mdomo tu. Hakuna hata mmoja ambaye faili lake lingeweza kubeba neno ujasusi kwa uzito uliotakiwa. Modrý faili lake liliweza. Alikuwa msomi, mkubwa kwao kiumri, anayeheshimiwa, mwenye ofa ya Kanada na mwenye kufahamiana na mabalozi. Bila yeye kesi ilikuwa ya walevi. Akiwekwa juu ya orodha, ikawa kesi ya mtandao wa majasusi unaoongozwa kutoka nje. Kwa lugha ya mitaani kwetu, alibambikiwa, na alibambikiwa kwa kutumia vitu ambavyo hakuwahi kuvificha.

Kesi iliendeshwa milango imefungwa. Tarehe 7 Oktoba 1950 hukumu ikasomwa kwa watu 12. Modrý miaka 15. Bubník 14. Stanislav Konopásek 12. Václav Roziňák na Vladimír Kobranov 10 kila mmoja. Josef Jirka 6. Waliobaki walipata kati ya miaka mitatu na miezi minane. Ukijumlisha yote inafika miaka 77 na miezi 8.

Jáchymov

Modrý alipitishwa magereza kadhaa, kisha akapelekwa Jáchymov, kaskazini magharibi mwa nchi, kwenye machimbo ya urani. Ni mahali penye historia ndefu: madini ambayo Marie Curie aliyatumia kuipata radiamu, elementi yenye mionzi, yalitoka huko. Baada ya vita Chekoslovakia iliwekeana mkataba na Umoja wa Kisovyeti, na urani ya Jáchymov ikaanza kwenda kulisha mradi wa bomu la Sovieti. Msomaji wa Katanga atakuwa amekwisha kuikumbuka Shinkolobwe, ambayo urani yake ilitumiwa na Wamarekani kwa kazi ileile. Kazi ya Jáchymov ilifanywa kwa sehemu kubwa na wafungwa. Walichimba, wakavuta vumbi, wakashika mawe yenye mionzi kwa mikono, bila kinga ya maana.

Waliokuwa wameshika magongo miaka miwili nyuma, wakishangiliwa na maelfu Štvanice, sasa walikuwa na namba. Nje ya seng'enge mkewe Modrý alikuwa analea mabinti wawili wakiwa na alama ya kuwa familia ya mhaini, alama ambayo katika nchi ile iliwafuata watoto shuleni na kazini.

Mwaka 1955 Modrý aliachiliwa, kama walivyoachiliwa Bubník, Konopásek na wengine, baada ya miaka mitano hivi. Alitoka na mwili uliochakaa. Alifariki tarehe 21 Julai 1963, akiwa na miaka 46, kwa maradhi yanayohusishwa na mionzi ya machimbo.

Kilichobaki

Mwaka 1968, katika miezi michache ambayo Chekoslovakia ilithubutu kupekua mafaili yake, mahakama iliwasafisha wachezaji hawa majina. Modrý alikuwa ameshakufa miaka mitano. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia nchini, na habari ya mabingwa waliofungwa ikarudishwa chini ya zulia hadi mwaka 1989. Ndiyo maana kizazi kizima cha mashabiki wa hoki wa Kicheki kilikua kikijua magoli ya 1949 lakini hakijui walikokwenda waliozuia na waliofunga. Shirikisho la hoki ya barafu la dunia lilimwingiza Modrý kwenye Jumba lake la Heshima mwaka 2011. Uwanja wa Štvanice ulibomolewa mwaka huohuo.

Bubník aliishi muda mrefu zaidi. Alikwenda kuifundisha timu ya taifa ya Ufini, na kwenye ubingwa wa dunia wa 1967, jijini Vienna, Wafini wake waliifunga Chekoslovakia 3–1. Baadaye alikuwa mbunge wa Jamhuri ya Cheki, na hakuchoka kuieleza kesi ile kwa kila aliyemuuliza hadi alipofariki mwaka 2017.

Limebaki swali linalozua ugomvi hadi leo: Vladimír Zábrodský. Alikuwa nahodha, mfungaji mkuu, pengine mchezaji mwenye kipaji zaidi katika timu ile, na hakukamatwa. Baadhi ya wenzake waliotoka jela waliamini kwamba alikuwa anapeleka maneno kwa watu wa usalama. Yeye alikana. Alihamia Uswidi miaka ya 1960 na akafia Stockholm mwaka 2020. Mimi siungi mkono mtindo wa kuigeuza kesi hii kuwa msako wa nani alimchoma nani. Kwanza, mtu aliyebaki nje ya gereza katika utawala wa namna ile hawezi kuhukumiwa kwa kubaki nje tu. Pili, msako huo unaihamisha lawama kutoka kwa ofisi zilizopika kesi, waliopiga watu Domeček na majaji waliosoma hukumu, na kuiweka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Majina ya Zábrodský, Bubník na Modrý sasa yamo kwenye jumba lilelile la heshima: mmoja aliingizwa 1997, wa pili 2004, wa tatu 2011.

Na hoki yenyewe? Timu iliyokuwa bora duniani haikucheza ubingwa wa dunia wa 1950 wala wa 1951. Kwenye Olimpiki ya 1952 ilimaliza ya nne. Mwaka 1953 ilijiondoa katikati ya mashindano kwa sababu Rais Klement Gottwald alikuwa amefariki. Wakati huo wanafunzi wa ile ziara ya Moscow walikuwa wameiva. Mwaka 1954, kwenye ubingwa wao wa kwanza kabisa, jijini Stockholm, Wasovieti waliifunga Kanada 7–2 na kuchukua dhahabu, na kwa miaka karibu 40 iliyofuata wakawa wao ndio kipimo cha mchezo huu. Siwezi kusema kwamba bila kesi ile Chekoslovakia ingewazuia, maana Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na watu wengi zaidi na mfumo mkubwa zaidi. Lakini kikosi kilichovunjwa kilikuwa na vijana wa miaka 21 kama Bubník, ambao mwaka 1954 wangekuwa kwenye ubora wao. Badala yake walikuwa kwenye migodi na magerezani.

Chekoslovakia haikupata tena dhahabu ya dunia hadi Aprili 1972, miaka 23 baada ya Stockholm ya Modrý. Ilipatikana Praha, kwa kuwafunga Wasovieti 3–2, golikipa namba moja wa kikosi hicho akiwa Jiří Holeček.